Mikono inatetemeka, na kikao kiko kanisani: nianzie wapi?

SWALI: Mshauri, assalaam aleikum. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, naishi Changamwe, nina mke na watoto watatu, na nimeajiriwa na kampuni ya kliaringi hapa bandarini. Nimekunywa kwa miaka 14. Nilianza na bia za Ijumaa pamoja na wenzangu tukishatoa mzigo. Sasa ni kila siku, na fedha zikipungua huishia mangweni, kwa wauza mnazi. Zamani nilikuwa nikiacha mwezi mzima wa Ramadhani bila taabu na kurudia baada ya Idi, lakini Ramadhani iliyopita nilishindwa. Nilikunywa baada ya tarawehe, na mchana mikono ilitetemeka hata kalamu ikanishinda. Mke wangu amesoma kwenye simu habari za vikao vya AA, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, naye ananisihi niende. Vikao hivyo vinapatikana wapi Mombasa? Je, sitaonekana, na hali mji huu kila mtu anamjua mwenziwe? Nasikia vingi hufanyika makanisani. Mimi ni Muislamu, je, nitaombeshwa dua zisizo zangu? Na kukaa kitini kusikiliza walevi wengine kunaweza kweli kumwachisha mtu? Swali dogo la mwisho: nikiwa natoka msikitini, niende na kanzu yangu au nibadilishe? – Msomaji, Changamwe

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Maswali yako yote nitayajibu, lakini sitaanza ulikoanza wewe, kwa sababu jambo zito kuliko yote katika barua yako hukuliuliza. Umelitaja kwa kupita tu: kwamba mchana wa Ramadhani mikono ilitetemeka hata kalamu ikakushinda. Kabla ya kutafuta kikao, mtafute daktari, na umweleze jambo hilo kama ulivyonieleza mimi.

Kutetemeka huko si woga wala udhaifu wa imani. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, na ubongo unaopunguzwa kasi kila siku kwa miaka hujizoeza kujisukuma kwa nguvu zaidi ili ubaki macho. Ni kama mtu anayesukuma mlango unaozuiliwa kwa ndani: yule anayezuia akiondoka ghafla, msukumaji huingia na mlango wake na kuanguka. Vijana wa hapa Pwani huiita hali hii arosto, neno ambalo tumezoea kulisikia zaidi kwa watumiaji wa unga, na wengi hushangaa ninapowaambia kwamba arosto ya heroini humtesa mtu vibaya lakini kwa kawaida haimuui, ilhali ile ya pombe inaweza kuua. Huanza baina ya muda wa saa 6 na saa 24 baada ya kinywaji cha mwisho, kwa kutetemeka, kutokwa na jasho, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Kifafa, kwa wale kinaowapata, huja zaidi katika siku 2 za mwanzo. Kuweweseka, ambako mtu huona na kusikia visivyokuwepo, akachanganyikiwa na kupandwa na homa, huja mara nyingi baina ya siku ya 2 na ya 4, yaani wakati ule ule ambapo nyumba nzima imeanza kushukuru kwamba baba ameacha.

Kwa hiyo usijifungie chumbani ukaacha kwa ghafla peke yako, hata kama nia yako ni safi. Hospitali ya Port Reitz iko huko huko kwenu, na ina kitengo cha afya ya akili. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani. Mweleze daktari unakunywa kiasi gani kwa siku, bila kupunguza. Ulikunywa mwisho saa ngapi. Kama umewahi kushikwa na kifafa ulipojaribu kuacha. Na dawa nyingine unazotumia. Zipo dawa za kuutuliza ubongo ambazo hutolewa kwa siku chache kwa kipimo kinachoshuka, na ipo vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu hupungukiwa nayo. Hizo za kutuliza usizinunue mwenyewe dukani kwa ushauri wa rafiki, kwa sababu zikikutana na pombe mwilini zinaweza kudhoofisha pumzi hadi ikakatika. Na mpaka siku utakapomwona daktari, kupunguza kidogo kidogo ni salama kuliko kukata mara moja. Najua kumwambia Muislamu maneno hayo ni jambo zito. Nayasema kama mtu wa afya, si kama mtoa fatwa. Ukishikwa na kifafa, ukaona visivyokuwepo au ukachanganyikiwa, mke wako asisubiri kupambazuke: akupeleke hospitali usiku huo huo.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie vikao, ambavyo, ukitaka kujua, vilianza na mikono iliyokuwa ikitetemeka kama yako. Mwezi Mei mwaka 1935 dalali wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, na kutoka ukumbini aliposimama alikuwa akisikia kelele za baa. Badala ya kuingia, alikwenda kwenye simu akaanza kuwatafuta viongozi wa makanisa ya mji ule, akiomba aelekezwe kwa mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Mwishowe alikutanishwa na daktari mpasuaji, Bob Smith. Tarehe inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani hiyo AA aliyoisoma mke wako, ni 10 Juni 1935, siku ya kinywaji cha mwisho cha daktari huyo. Na kinywaji chenyewe, kama inavyosimuliwa na wenyewe, kilikuwa bia aliyopewa asubuhi ili mikono itulie aweze kwenda kupasua mgonjwa.

Tazama alichokuwa akikitafuta Wilson kwenye simu ile. Hakutafuta mtu wa kumhubiria. Alitafuta mtu mwenye shida kama yake, ili kwa kuzungumza naye yeye mwenyewe asiinuke akaingia baa. Wewe umeshanasihiwa na mkeo, pengine na imamu, pengine na mkubwa wako kazini, na wote hao wamekuambia ya kweli. Lakini hakuna kati yao anayejua mtu anavyotafuna karafuu mbili kabla ya kugonga mlango wake mwenyewe, au anavyohesabu dakika za mkutano kazini kwa kiu. Kikaoni utakutana na anayejua. Waswahili husema aisifuye mvua imemnyea, na huko kila asemaye ameloa.

Hata hivyo sipendi kukuacha na hadithi peke yake, kwa kuwa umeuliza kama jambo hili linafanya kazi kweli. Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, ilitoa mapitio ya tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565. Katika tafiti zilizolinganisha programu za kumwongoza mtu kuingia AA na tiba nyingine zinazotambulika, baada ya miezi 12 watu 42 katika kila 100 wa kundi la AA walikuwa hawajagusa pombe kabisa, dhidi ya 35 katika kila 100 wa tiba nyingine. Tarakimu hizo zisome kwa pande zote mbili. Zaidi ya nusu hawakufikia mwaka mzima bila kinywaji, na atakayekuambia kwamba AA ni dawa isiyoshindwa anakudanganya. Lakini programu za kumwongoza mtu kwenye jambo lisilo na ada, linaloendeshwa na watu wasio na shahada, zikafanya vizuri kuliko tiba nyingine, si jambo la kudharau. Kwa maoni yangu kikao hakichukui nafasi ya daktari wala ya mshauri. Vikienda pamoja, mtu hupata nafuu zaidi.

Na kwa nini kifanye kazi? Jibu umelibeba mwenyewe katika barua yako, ila umelisoma kinyume. Wanaume wengi wa mji huu huitumia Ramadhani kama kipimo: nimeweza siku thelathini, basi mimi si mraibu. Miaka yote uliyoacha katika mwezi huo, hukuacha peke yako. Wenzako wa kazini walikuwa wamefunga, marafiki wa Ijumaa walikuwa wametawanyika, ile saa kumi na moja jioni ambayo baa zinaruhusiwa na sheria ya vileo ya mwaka 2010 kuanza kuuza katika siku za kazi ilikukuta mkononi una mfuko wa tende unakimbilia nyumbani, kisha futari, kisha Isha, kisha tarawehe, na kila hatua ukiwa umezungukwa na watu. Ulibebwa. Mfungo mosi ukiingia, mji hurudi katika shughuli zake na ile saa hubaki tupu, nawe ukabaki nayo. Kikao kinafanya katika miezi 11 sehemu ndogo ya kazi ambayo Ramadhani ilikufanyia katika mmoja: kinaishika ile saa, na kinakupa watu wa kuwa nao ndani yake. Na kwamba mwaka huu hata Ramadhani haikutosha si dalili kuwa umekuwa mtu mbaya zaidi; ni dalili kwamba mwili umeanza kuidai pombe, na ndiyo maana nimekutanguliza kwa daktari.

Sasa vinapatikana wapi. Njia fupi ni namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya. Simu hiyo haina malipo, hupigwa saa zote, na anayeipokea ni mshauri. Usiseme tu kwamba unataka msaada, kwa sababu utapewa maelezo mengi mazuri usiyoweza kuyatumia jioni hiyo. Uliza kikao cha karibu ni siku gani na saa ngapi, ni cha wazi au cha wanachama pekee, hutumia Kiswahili au Kiingereza, na mlango wa kuingilia ni upi. Hilo la mlango usilidharau. Nimewaona watu wazima waliofika hadi kwenye geti, wakakuta jengo lina milango mitatu na mlinzi anayeuliza “unaenda wapi?”, wakageuza tuktuk wakarudi nyumbani.

Njia ya pili ni vituo vya tiba. NACADA ina kituo chake Miritini, ambacho kwako wewe ni safari fupi ya matatu. Hata kama huhitaji kulazwa, washauri wa vituo vya namna hiyo huwa wanajua vikao vinavyoendelea mjini kwa wakati huo, kwa sababu wanaomaliza matibabu hushauriwa kuendelea navyo. Kitengo cha afya ya akili hospitalini nacho kiulize. Utakuwa uko hapo hapo kwa ajili ya ile mikono. Nakuhimiza umuulize mtu aliye hai badala ya kutegemea orodha uliyoikuta kwenye intaneti, kwa kuwa vikundi hivi havina ofisi wala mabango, ukumbi wao ni wa kuazima, na ratiba ikibadilika orodha husahauliwa. Ukumbi uliofungwa unaweza kuwa na maana moja tu, kwamba kikao kimehamia Jumatano. Mtu mwenye aibu huutafsiri vingine.

Kuna mlango mwingine ambao watu wa pombe huusahau. Pwani yetu imeteswa na heroini kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo utasikia pia habari za Narcotics Anonymous, NA, jumuiya ya waraibu wa dawa za kulevya iliyoanza California mwaka 1953 kwa kufuata mfano wa AA. NA huihesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyingine, kwa hiyo mnywaji hafukuzwi huko. Ikiwa kikao chao ndicho kilicho karibu nawe, nenda. Utasikia habari za sindano na pakiti ambazo si zako, na utashawishika kujisemea kwamba wewe si kama hawa. Vumilia, ukisikiliza namna walivyokuwa wakiwadanganya wake zao utajikuta umo.

Na vipo vikao vya kwenye simu, kwa sauti au video, ambavyo vilienea sana tangu mwaka 2020. Kwa Mombasa naviona kuwa vya lazima, kwa sababu kuna desturi ya zamani ya kumshauri mgeni ahudhurie vikao 90 katika siku 90, nayo imetoka katika miji ambayo kikao hakikosekani usiku wowote. Hapa haitawezekana kwa ana kwa ana peke yake. Changanya: viwili au vitatu kwa wiki vya kukaa kitini, na siku nyingine ingia kwa simu, kamera ikiwa imezimwa na jina ukiwa umelibadilisha kabla hujaingia. Lakini usiishie kwenye simu. Mtu anaweza kuhudhuria kikao cha simu akiwa na glasi mkononi, na nawajua waliofanya hivyo.

Kuhusu kuonekana, sitakufariji kwa uongo: huenda ukaonekana. Mji ni mdogo. Anayekaa Mikindani ana shangazi Kisauni, na dereva wa tuktuk uliyempanda alisoma na ndugu yako. Ila pima uwezekano wenyewe. Anayekuona ukiingia kanisani jioni ya siku ya kazi anaona mtu anaingia kwenye ua ambako pia kuna shule ya chekechea, mazoezi ya kwaya na kikao cha chama cha akiba. Hana la kujua. Anayekuona ukiwa ndani, yuko ndani kwa sababu ile ile iliyokuleta. Tena, ndugu yangu, nisamehe kwa kusema hivi: mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka kadhaa katika mtaa mmoja wa Changamwe hana siri kubwa iliyobaki. Majirani wanajua unavyorudi. Wasichokijua ni kwamba unataka kuacha.

Ukitaka tahadhari, chagua kikao cha upande mwingine wa mji kwa miezi ya mwanzo, lakini kisiwe mbali mno, kwa maana foleni ya Makupa, au kivuko cha Likoni kwa anayekaa ng'ambo, hugeuka udhuru upesi sana. Siri huvuja zaidi katika mambo mawili ambayo waanzilishi wa mwaka 1935 hawakuyawazia. La kwanza ni kundi la WhatsApp: ukikubali kuingizwa, namba yako, pamoja na picha yako ya harusi uliyoiweka hapo, inaonekana na kila aliyemo, hata aliyefika mara moja akatoweka. Kataa kwa upole mpaka utakapowajua watu. La pili ni kikapu. Hakuna ada ya kuingia AA, na anayedai ada huyo si wa AA. Mwishoni hupitishwa kikapu cha kulipia ukumbi na chai, mwenye kuweka huweka, mgeni huambiwa aache. Ukitaka kuweka, weka sarafu au noti. Ukituma kwa M-Pesa, anayepokea anaona jina lako lililosajiliwa.

Kuhusu kazi, tofautisha mambo mawili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfukuza mara moja mfanyakazi ambaye, katika saa za kazi, amelewa kiasi cha kutoweza kufanya kazi yake sawasawa. Kuhudhuria kikao jioni hakumo. Kinachokuhatarisha kazini ni kile unachokifanya sasa. Na habari za afya yako zilizo hospitalini zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Sasa hili la kanisa, ambalo kwa wasomaji wengi wa Mombasa ndilo jiwe lililoziba njia. Vikao hufanyika makanisani kwa sababu makanisa mengi yana kumbi ambazo hubaki wazi jioni za siku za kazi, na hukubali kuziazima kwa malipo madogo. Kikundi ni mpangaji. Hakiko chini ya padre wala mchungaji, na sharti la pekee la uanachama, kwa mujibu wa desturi zao wenyewe, ni mtu kuwa na nia ya kuacha kunywa. Lakini sitakuambia kwamba dini haimo. Hatua 12 za kuacha pombe zinazofuatwa na AA zilitungwa Marekani katika mazingira ya Kikristo, na kadhaa kati yake zinamtaja Mungu, mbili zikiongeza maneno “kama tulivyomwelewa”. Kikao hufungwa mara nyingi kwa dua fupi ya kuomba utulivu wa kuyakubali yasiyobadilika na ujasiri wa kuyabadilisha yanayobadilika, ambayo sioni Muislamu atakayeikosoa. Vikundi vingine, hasa vyenye desturi za Kimarekani, husoma Sala ya Bwana. Hapo nyamaza, au soma moyoni uliyofundishwa wewe. Hakuna anayekagua midomo. Akitokea mtu anayetumia kiti chake kukuvuta katika dini yake, au kukuuzia chochote, au kukuambia uache dawa ulizopewa na daktari, amevunja utaratibu wa AA yenyewe, na una haki ya kutafuta kikundi kingine.

Ukipenda pia njia iliyotungwa na Waislamu, ipo jumuiya iitwayo Millati Islami, iliyoanzishwa Baltimore, Marekani, mwaka 1989 na Waislamu waliokuwa wakipambana na uraibu. Waliziandika upya zile hatua 12 kwa msingi wa Uislamu, na wana vikao vya mtandaoni. Hapa Mombasa ipo jumuiya ya Waislamu iitwayo MEWA, ambayo huduma zake za uraibu zimejulikana zaidi kwa waliotumia unga, waulize. Nimeona Muislamu akihudhuria AA siku za wiki na kuzungumza na imamu wake Ijumaa bila kuhisi kwamba anamficha mmoja kwa ajili ya mwingine. Ila chagua imamu anayejua kusitiri.

Acha nikuingize ndani, ili usifike ukiwa na sinema kichwani. Viti ni vile vya plastiki, vimepangwa duara au nusu duara, kuna feni moja inayozunguka na kulalamika, na juu ya meza kuna chupa ya chai, vikombe visivyofanana na vitabu vichache. Anayeendesha kikao si kiongozi. Ni zamu yake tu. Ataanza kwa kusoma utangulizi, kisha atauliza kama kuna mgeni. Unaweza kuinua mkono na kutaja jina la kwanza, au kutulia. Baada ya hapo mmoja huzungumza kwa dakika chache, wengine husikiliza, na akimaliza hakuna anayemjibu, kumsahihisha wala kumpa ushauri. Anashukuriwa, anaingia mwingine. Ukimya huo wa kutojibiwa huwasumbua watu wetu sana mwanzoni, maana sisi tumezoea kwamba mtu akieleza tatizo lake lazima barazani apatikane mzee wa kumaliza. Utauzoea. Zamu ikikufikia na huna la kusema, sema “leo nasikiliza”, itoshe.

Utasikia watu wakijitambulisha kwa maneno “mimi ni mlevi” au “mimi ni mraibu wa pombe”. Neno mlevi kwetu ni tusi, na wengine hawaliwezi kwa miezi. Hakuna anayekulazimisha. Binafsi napendelea mraibu, kwa sababu linataja ugonjwa, lakini mzee mmoja aliniambia kwamba alipojiita mlevi kwa mdomo wake mwenyewe, mtaa ulikosa la kumwita.

Baada ya kama saa moja kikao hufungwa, na hapo ndipo wageni hukosea: huondoka upesi. Zile dakika kumi za chai ni muhimu kuliko hotuba yoyote. Muulize mmoja au wawili, wanaume kama wewe, waliokaa muda bila kunywa, kama unaweza kuchukua namba zao, na upige kesho yake kwa jambo dogo tu, ili siku ya jambo kubwa kidole kiwe kimeshazoea. Baadaye, mmoja wao anaweza kuwa sponsa wako, yaani mwenyeji anayekutembeza katika hatua. Desturi ni awe wa jinsia yako na awe na angalau mwaka bila pombe. Usimkopeshe fedha wala usimkope.

Kikao cha kwanza hakitakupendeza. Nimewauliza wengi, na aliyekipenda siku ya kwanza ni nadra. Mmoja atasema sana, mwingine atalia, na utatoka ukijiambia kwamba wewe hujafika huko. Ahidi sita kabla ya kuhukumu, na ikiwezekana viwe vya vikundi viwili tofauti, kwa sababu vikundi hutofautiana kama misikiti ya mtaa mmoja. Na ukinywa katikati, rudi. Ukifika ukiwa umekunywa siku hiyo, vikundi vingi vitakuomba usikilize tu bila kuzungumza, basi. Anayekaa nyumbani kwa aibu ya kuteleza ndiye anayepotea.

Mke wako aliyekutafutia habari hizi naye ana mlango wake. Al-Anon, iliyoanza mwaka 1951, ni ya wake, waume na jamaa wa wanywaji. Ina vikao vya mtandaoni, na huko hafundishwi namna ya kukuchunga, bali namna ya kuishi. Mwambie siku na saa za kikao chako, na usimwahidi zaidi ya hapo.

Na lile swali dogo. Jua letu huzama baina ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arubaini na tano mwaka mzima, na vikao vingi vya jioni huangukia hapo hapo. Swali Maghrib kwanza, ingia umechelewa dakika kumi, hakuna atakayegeuka. Kanzu na kofia visikusumbue: nimekaa katika vikao ambako mmoja ana sare ya ulinzi, mwingine ana ovaroli ya bandarini, na mwingine ametoka ofisini na tai. Kaa karibu na mlango ukipenda. Kiti cha chini ya feni usikihesabu. Hicho hugombaniwa, na wenyeji hufika mapema kwa ajili yake.